Mikono ya Baridi

Alhamisi Léoncie alifikisha maharage yake kwenye jiko la shule moja huko Nyamitanga, na Buruhan, mwalimu wa kemia, akaja kumwomba mikono. Umeme ulikuwa umekatika, barafu yote imekuwa maji. Mikono ya Léoncie ilikuwa na baridi ya barafu tangu siku alipomwosha marehemu mumewe, Gervais. Kwao Kashojwa, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, majirani walimletea watoto wenye homa; aliwashika paji la uso, kisha akarudi kuchambua maharage.

"Nnyabo, mama yangu, shika hii chupa tu. Ikipata joto mapema, imeharibika."

"Itatoka nini?"

"Fenoli. Dawa ya kuua vijidudu."

"Basi utanipa kidogo. Bibi ya mutoto wangu, mukwe wangu Mariette, anazaa wiki hii, na ile fasi ya kuzalia haijapigwa dawa tangu mume wangu alale mule."

Gervais aliingia wodi ile, ya pekee pale kambini, na kidonda cha jembe mguuni. Hakutoka kwa miguu yake.

Buruhan alichanganya anilini, mafuta ya rangi ya chai, na asidi, akadondoshea nitriti polepole. Léoncie aliikumbatia chupa huku midomo ikisali rozari. Kwenye orodha ya vifaa wanafunzi wakaandika: barafu. Mmoja, msichana mkweli, akaandika: mjane.

Kisha mwalimu akaitia chupa kwenye maji ya moto. Mapovu yakapanda, na ndani ya mapovu Gervais akakohoa, kama alivyozoea kabla ya kusema neno.

"Wamesafisha?"

"Bado," Léoncie alimjibu. "Nyamaza kwanza, mwalimu anafundisha."

Mapovu yakaisha. Ikabaki harufu kali ya dawa, naye akapewa kichupa.

Kule wodini muuguzi Pascaline alikipokea kwa mikono miwili, akamshukuru Mungu, akafungua kabati. Ndani yake mlikuwa na madumu ya dawa hiyo hiyo, yangali na lakiri.

"Wageni wa ukaguzi wanakuja mwezi ujao, mama. Tukiimaliza dawa sasa, siku ile patanuka nini?"

Akakipanga kichupa mbele, akafunga kwa ufunguo.

Jumamosi Mariette akajifungua mtoto wa kike. Jumatatu, angali wodini, paji la uso la Mariette lilikuwa la moto. Léoncie akaliwekea mikono. Kabatini Gervais akakohoa.

"Wamesafisha?"

"Bado," Léoncie akasema, wala hakuinua mikono.