Shahidi wa Mama Vifungu

Wanafunzi ndio waliompachika jina la Mama Vifungu, na hawakumwonea. Mwanamke yule alikuwa hawezi kukuomba chumvi mezani bila kukutajia kifungu cha sheria kinachomruhusu. Alifundisha sheria ya uchaguzi chuo kikuu, somo ambalo vijana walilichagua pale tu masomo ya kuwapatia ulaji, kama ya kodi na ya benki, yalipokuwa yamejaa. Walikaa viti vya nyuma wakimsikiliza kwa sikio moja, naye alijua, na aliendelea hivyo hivyo. Ofisi yake ilikuwa mwisho wa korido, ubavuni mwa choo cha wanaume. Dirisha lilikuwa halifunguki, na juu ya meza hukumu za kesi za uchaguzi zilirundikana mpaka mgeni akiketi alikuwa anazungumza na karatasi, mwenye ofisi anamsikia sauti tu.

Hukumu hizo alizisoma zote, na karibu zote ziliishia mahali pamoja. Aliyeshindwa anakuja mahakamani amefura kwa hasira, anasema kura zimeibwa. Jaji anamuuliza nani aliona. Hapo mlalamikaji anaanza kutazama dari. Walioona ni wasimamizi wa vituo, na wasimamizi wa vituo huwa hawaji. Wana watoto, wana vibarua vya serikali, na midomo yao wameifunga. Mama Vifungu aliandika tasnifu yake ya udaktari juu ya shahidi huyo asiyekuja, akaandika na kitabu, akazeeka naye. Alimsubiri kama wenzake walivyosubiri wachumba, na mchumba wa kweli alipopita hakumwona, maana alikuwa ameinamia hukumu.

Ili siku shahidi akija akute njia imefagiliwa, aliandika makala. Alidai humo kwamba maneno anayoyatoa msimamizi katika kesi ya uchaguzi hayapaswi kutumiwa kumshtaki kwa jinai. Hoja aliijenga kwa ustadi, akaleta mifano ya nchi za mbali, na maprofesa wa nje wakaisifu. Waliinukuu sana, mpaka naye akaanza kujinukuu. Jaji wa kwao, hata mmoja, hakuwahi kuigusa. Kosa liko hapo, tuliseme mapema lisije likaonekana limefichwa: kwa kuifundisha makala ile mwaka hadi mwaka, Mama Vifungu alisahau kuwa ni makala.

Alikuwa na mdogo wake mmoja, wa tumbo moja, mwalimu wa shule ya msingi. Ukoo mzima ulimwita Mwalimu, hata mama yao alipokuwa hai. Mtu mpole, wa kuomba radhi akikanyagwa yeye. Uchaguzi ulipofika alipewa kusimamia kituo, tena ndani ya darasa lake mwenyewe, wapiga kura wakijipanga chini ya picha za herufi. Matokeo yalikwisha kutangazwa na watu wameanza kuzungumza mengine, ndipo alipotokea kwa dada yake Jumamosi mchana. Alikaa ukingoni mwa kochi kama mtu anayeogopa kulichafua, akaiacha chai ipoe.

"Dada, nimefanya jambo baya."

"Umemfanyia nani?"

"Pale kituoni tulihesabu vizuri. Mawakala wote walisaini, tukapeana mikono. Nilipofika kwenye kujumlisha, msimamizi mkuu wa jimbo akaniita chumbani. Mle mna watu wawili siwajui, wamesimama tu. Akaniwekea matokeo mengine, yameshaandikwa. Akasema, saini hapa twende tukalale. Nikasaini."

"Walikutishia?"

"Hawakunitishia. Ndiyo maana sipati usingizi. Wangenitishia ningekuwa na la kujitetea."

Mama Vifungu aliweka kikombe chini. Mwalimu akaendelea, macho yake kwenye zulia. "Wakili wa yule mgombea aliyeshindwa alinifuata shuleni. Anataka nikaseme mahakamani. Mimi nataka kusema, Dada, moyo hautulii. Lakini mama watoto anasema nikifungua mdomo nitaozea jela. Nikamwambia ngoja, dada yangu ndiyo kazi yake. Sasa niambie wewe. Nikisema, nitafungwa?"

Ni aibu kulieleza, lakini lilitokea. Kitu cha kwanza kilichompata Mama Vifungu hakikuwa huruma wala hofu. Ilikuwa furaha, furaha ya mtu aliyefikia umri wa mvi akisubiri mlangoni, na leo mgeni amepiga hodi. Shahidi amekuja. Amekaa kwenye kochi lake, na ana uso wa marehemu mama yao. Furaha ile aliisukuma mbali haraka, akajikumbusha kuwa huyu ni mdogo wake, akafikiri kama dada. Angalau mwenyewe aliamini kuwa amefikiri kama dada.

"Hawawezi kukufunga," alisema. "Ushahidi wa kesi ya uchaguzi hautumiki kwenye jinai. Hilo liko wazi."

"Liko wazi kabisa?"

"Kabisa, Mwalimu. Nimeliandika mimi mwenyewe."

Mwalimu alidhani anazungumzia sheria. Alishusha pumzi, akaichukua chai iliyopoa akaimaliza kwa mkupuo mmoja.

Siku ya kutoa ushahidi Mahakama Kuu ilijaa hadi madirishani. Mwalimu alikula kiapo, akasema kila kitu kwa sauti ile ile ya kufundishia kuhesabu. Msimamizi mkuu wa jimbo alikana. Wale watu wawili hawakuonekana, maana watu wasio na majina hawapelekewi wito. Lakini jaji alimwamini Mwalimu, akaufuta uchaguzi wa jimbo zima, na mbunge akatoka pale si mbunge tena. Wiki hiyo redio zote zilimtaka Mama Vifungu aeleze. Vijana wa viti vya nyuma wakahamia mbele. Mkuu wa kitivo, ambaye miaka yote alikuwa akimsalimia kwa nyusi, alikuja mwenyewe hadi ofisini, akashangaa kwamba dirisha halifunguki, akasema wakati wa kumpa uprofesa umefika. Na hatukatai, Mama Vifungu alifurahi. Alinunua viatu vipya.

Walimkamata Mwalimu darasani, somo likiendelea. Aliwaomba polisi wamwache amalizie hesabu iliyokuwa ubaoni, wakakataa, watoto wakabaki na hesabu nusu. Shtaka lilikuwa kughushi matokeo ya uchaguzi. Ushahidi ulikuwa maneno yake mwenyewe ya Mahakama Kuu, yamepigwa chapa na kugongwa muhuri.

Wakili wa utetezi aliweka pingamizi, na pingamizi lenyewe lilikuwa ile makala, nakala safi, imetiwa jalada. Hakimu aliichukua akaenda nayo nyumbani. Aliporudi alimtafuta Mama Vifungu kwa macho katikati ya watu, akamwinamia kwa heshima.

"Ni makala nzuri sana," alisema hakimu. "Nimejifunza mengi. Lakini mahakama hii hufuata sheria iliyopitishwa, haifuati iliyopendekezwa."

Pingamizi lilipotupwa, Mwalimu aliulizwa kama anakiri kosa. Alikuwa amekwisha kuapa mbele ya Mungu na watu kwamba alilifanya, na hakujua mtu anaapaje kinyume. Akakiri. Akapewa miaka mitatu.

Nje, kwenye ngazi za mahakama, mke wa Mwalimu alisimama na mkoba wa mumewe mkononi. Hakulia. Pengine ingekuwa afadhali angelia.

"Wifi," alisema, "wewe ulimwambia liko wazi."

"Nilidhani..."

"Hukumwambia unadhani. Mimi nilikuwa namuuliza kila siku, dada yako amesemaje? Ananijibu, liko wazi. Hukumwambia unadhani, wifi."

Akashuka ngazi.

Kilichombakiza na nguvu ni kitu kimoja: uchaguzi ule ulikuwa umefutwa. Mdogo wake yuko ndani, ndiyo, lakini wizi umekomeshwa, na jimbo litapiga kura upya. Aliling'ang'ania hilo. Alilirudia bafuni na barabarani. Kisha mbunge aliyevuliwa kiti akakata rufaa.

Majaji wa Mahakama ya Rufaa walisoma hukumu kwa zamu, taratibu, kwa Kiswahili kilichopigwa pasi. Kesi nzima ya mlalamikaji, walisema, imeegemea shahidi mmoja. Na shahidi huyo ni nani? Ni mtu aliyekiri mwenyewe kughushi, na sasa ni mfungwa kwa kosa hilo. Aliyekuwa tayari kudanganya kwa kalamu haaminiki kwa ulimi. Ushahidi wake unatupwa. Mbunge anarudi bungeni.

Ukumbini watu walishangilia upande mmoja, upande mwingine wakainamisha vichwa. Mama Vifungu alikuwa anafikiri upesi, kama alivyozoea. Maneno yale yale yamekuwa kweli ya kutosha kumfunga mtu, na uongo wa kutosha kumrudishia mbunge kiti. Hakuna aliyewahi kuliandika hili, aliwaza. Hakuna nchi aliyoisoma iliyofika hapa. Kichwa cha makala kilikwisha kumjia, kizuri, kifupi, na ndipo akaona kuwa kalamu iko mkononi na mkono umeanza kuandika. Aliutazama mkono ule. Ulikuwa unakimbia kwa furaha. Alinyanyuka akapita magotini pa watu mpaka chooni, akaitupa kalamu, akajichukia kwa namna ambayo sheria haijaitungia adhabu.

Gerezani wageni na wafungwa walitenganishwa na wavu wa waya. Mwalimu alikuwa amekonda, shati limemzidi mabega, ila alikuja kwa haraka ya mtu aliyefikiwa na mgeni. Aliuliza habari za watoto, mmoja mmoja. Akauliza kama ni kweli mama watoto ameambiwa ahame nyumba ya shule.

"Ni kweli. Anafikiria kurudi kwao," alisema Mama Vifungu. Kisha akapiga moyo konde. "Mwalimu, rufaa imeamuliwa. Mbunge amerudishiwa kiti. Majaji wamesema ushahidi wako hauaminiki."

Mwalimu alikunja paji la uso. Hakuwa mwepesi wa kufikiri, lakini alichokianza alikimaliza.

"Wamesema nilidanganya?"

"Kwa maneno yao, ndiyo."

"Yaani pale niliposema nimesaini matokeo ya uongo, nilikuwa nadanganya?"

"Mwalimu, ngoja..."

"Basi sikusaini!" Uso wake wote ulifunguka. "Kama nilidanganya, basi sikufanya! Si ndiyo? Natoka!" Akamgeukia askari aliyekuwa akilinda mlango. "Afande, umesikia? Mahakama ya Rufaa yenyewe! Wamesema sikufanya!"

Askari, mtu mzima mwenye funguo kiunoni, alitabasamu kwa dhati. "Hongera, Mwalimu. Mimi siku zote nasema wewe si wa humu."

"Mwambie mama watoto asihame," Mwalimu alimwambia dada yake, amekwisha kushika waya kwa vidole kumi. "Mwambie asubiri, asifunge hata mzigo mmoja. Mwambie leo hii, Dada, usingoje kesho."

Mama Vifungu aliegemeza paji lake kwenye wavu. Darasani angeweza kulieleza jambo hili huku akitafuta miwani. Sasa kila neno alilivuta kama ndoo ya kisima kirefu.

"Kesi ni mbili, mdogo wangu. Ile ya uchaguzi imeyakataa maneno yako. Hii ya jinai iliyakubali, na majaji wa juu hawakuigusa, hawakuulizwa. Kila moja inasimama peke yake. Na kwa hakimu ulikiri. Aliyekiri hakati rufaa ya hatia. Hutoki."

"Maneno si ni yale yale?"

"Ni yale yale."

"Niliyasema mara moja tu, Dada."

"Najua."

Vidole vya Mwalimu vilikuwa bado kwenye waya. Askari naye alikuwa ameacha kutabasamu na kusogea karibu kidogo, anataka kusikia. Halafu tumaini likarudi usoni kwa Mwalimu kutokea mahali ambapo dada yake hakulitegemea kabisa.

"Lakini Dada," alisema polepole, "na mara ile ulikuwa na hakika hivi hivi." Hakulisema kwa kumsuta. Angelisema kwa kumsuta ingekuwa nafuu. Alilisema kama mtu aliyeona mlango. "Mara ile ulikosea. Mtu akikosea mara moja si anaweza kukosea tena? Si inawezekana na leo umekosea?"

Katika maisha yake yote Mama Vifungu hakuwahi kutamani kitu kama alivyotamani dakika ile kuwa amekosea. Alizipitia kichwani hukumu zote alizozisoma, za kwao na za ugenini, akitafuta moja, hata ya wachache, hata ya jaji aliyechekwa. Alijua wapi pa kutafuta. Hakukuwa na kitu.

"Hapana, Mwalimu," alisema. "Leo sijakosea."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa, lakini hakuondoka wavuni. Aliendelea kumtazama dada yake, huenda dada bado ana la kuongeza, mpaka askari alipomgusa bega kumwambia muda wa wageni umekwisha.