Matanga Yasiyo na Kaburi

Masaki anayokaa Mzee Mwinjuma si ile ya mabalozi, ya majumba yenye walinzi na mbwa wanaokula nyama kuliko watu. Ni Masaki ya Kisarawe, ya mihogo na mikorosho, na mzee alipenda kuliweka jambo hilo sawa kabla mgeni hajamaliza salamu. "Mimi sina ubalozi," alikuwa akisema, "nina mihogo." Kisha alicheka peke yake, na mgeni alilazimika kucheka naye.

Akishamaliza mihogo, alihamia vitani. Mwaka sabini na tisa, akiwa kijana wa miaka ishirini, alivuka mpaka na wenzake wakaingia Uganda kumwondoa mtawala aliyekuwa akiwachinja watu wake. Watu walitoka majumbani wakacheza barabarani na kuwapa ndizi zilizopikwa. Alirudi na medali, goti bovu, na redio ya mbao aliyosema alipewa na watu wa Masaka, mji wa kule Uganda, kwa mapenzi yao. Redio ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa, na haikusema neno tangu betri za aina yake zilipoisha madukani.

Sasa mzee huyu huyu hakutaka kusikia habari ya mgeni kuingilia mambo ya nchi nyingine. Ukimkumbusha kwamba naye aliingia nchi ya watu na bunduki, alikujibu kwamba ile ilikuwa tofauti, na alikasirika mpaka chai yake ikapoa.

Mwanawe Amiri hakurithi hata chembe ya hayo. Alikuwa fundi wa mageti pale Mkuza, Kibaha, ana mke, Firdausi, na binti wa miaka minne, Raudha. Siku watu walipoingia barabarani kuandamana, siku ambayo maofisini inaitwa siku ya vurugu na vijana wanaiita siku ya barabara, Amiri aliacha geti la mtu nusu limechomelewa akawafuata wenzake, miwani ya kazi ikiwa bado kichwani. Mtandao ukazimwa. Risasi zikalia. Mtandao uliporudi, Amiri hakurudi.

Firdausi alimleta mtoto kwa babu yake Masaki, naye akaanza kutafuta. Alizunguka hospitali, vyumba vya maiti, vituo vya polisi. Hakuna alipofukuzwa, na hakuna alipojibiwa. Kila mahali waliandika jina la mumewe kwenye daftari, wakamwambia asubiri simu. Wiki tatu zikapita hivyo.

Jumapili moja alirudi na habari. Alikunja khanga yake magotini akakaa mkekani mbele ya mkwewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama Raudha. Umepata nini?"

"Baba, kuna ujumbe unakuja Tumbi, pale Kibaha. Watu wa nchi za jirani, wametumwa na jumuiya ya nchi zetu. Watakaa ukumbini Alhamisi na Ijumaa, wanaandika majina ya waliopotea, halafu wanakwenda wenyewe na orodha kuwaulizia huko walikofungiwa. Nakwenda kumwandikisha Amiri."

"Kwa wageni?"

"Wenyeji nimewamaliza, baba."

Mzee alimwambia nchi hii ilikomboa wengine, haikombolewi. Kwamba leo watakuja na kalamu, kesho watakuja na masharti. Firdausi alisikiliza mpaka mwisho, kichwa chini, kama alivyolelewa. Kisha akasema, "Nimekusikia, baba. Alhamisi nitaondoka mapema." Akaenda kumwogesha mtoto.

Kesho yake akaja mtendaji wa kijiji. Kijana wa juzi tu, tai imemkaba, lakini ulimi wa mtu wa miaka sabini. Alimwamkia mzee vizuri na kuisifu medali ukutani. Akasema wazee wa namna hii ni hazina, na kwamba ingesikitisha sana jina la Mwinjuma lisomwe na watu waliotumwa kuichafua nchi.

"Si wazungu hao," mzee alisema. "Ni Waafrika wenzetu."

"Wanatumwa, mzee wangu. Na yule mama ana mtoto mdogo. Watu wanaokwenda pale wanaangaliwa." Alisimama, akajipangusa suruali. "Mimi nakwambia kwa sababu nakuheshimu."

Mwinjuma aliogopa. Tuseme ukweli, aliogopa sana. Mwana alikuwa amekwisha kupotea, na akipotea mkwe, mtoto angebaki na nani? Lakini alikuwa mtu wa medali, hakujua jinsi ya kusema naogopa, kwa hiyo woga ule akauita uzalendo, akalala nao, akaamka nao.

Namna ya kumzuia Firdausi aliipata Jumatano asubuhi, akiwa msalani, na aliiona ni nzuri. Mwanamke aliyefiwa na mume anakaa eda. Miezi minne na siku kumi hatoki nyumbani, hazururi, haendi ukumbini Tumbi kukaa mbele ya wanaume wasiomhusu. Hakuna aliyehitaji kugombana naye wala kumfungia mlango. Dini yenyewe ingemshika.

Alimwita shehe, akamwita na dada yake mkubwa, Biubwa. Akawaambia amepata habari ya uhakika kwamba Amiri amefariki na amezikwa na watu wasiomjua.

"Nani kakwambia?" shehe aliuliza.

"Mtu wa kuaminika."

"Mzee Mwinjuma, kumsalia mtu sala ya ghaibu si jambo la mtu kakwambia. Aliyepotea ana hukumu yake na aliyekufa ana hukumu yake. Una uhakika?"

"Wallahi," alisema Mwinjuma.

Moyoni alijitetea kwamba kijana aliyekaa wiki tatu bila kumpigia mkewe hayuko hai, kwa hiyo hakusema uongo, amewahi tu. Shehe alimtazama, akashusha pumzi. Baada ya adhuhuri wanaume wakapanga safu wakamsalia Amiri, mbele yao hakuna jeneza, kuna ukuta.

Firdausi hakulia. Alisimama katikati ya chumba akauliza, "Nani kamwona? Nani kamwosha?" Biubwa akamvika khanga za eda, akamkalisha kitandani, akamwambia maswali ya namna hiyo yanamwumiza maiti. Jioni ile mtendaji alileta fomu mwenyewe bila kuitwa. Sababu ya kifo waliandika homa kali. Mzee akatia saini kwa mwandiko wake mzuri wa jeshini, na chini yake, kwa mazoea, namba yake ya utumishi.

Alhamisi matanga yakaanza, na alasiri akafika Onesmo.

Onesmo ni Mnyamwezi, alipigana vita pamoja na Mwinjuma, sasa anafuga ng'ombe Magindu. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani msibani ana haki zake. Anamsema marehemu, anawasema wafiwa, anaweza hata kulala kaburini akagoma kutoka mpaka alipwe. Wote wanacheka, kwa sababu kicheko hicho ndicho kinachowasaidia kubeba maiti. Jambo moja tu halifanyiki. Mtani hakasirikiwi.

"Wazaramo!" Onesmo alipiga kelele tangu njiani, jembe begani. "Nimetoka Magindu nije nilale kaburini, nafika naambiwa kaburi hakuna! Huyu mzee bahili mpaka shimo kaliona hasara!"

Watu wakacheka. Hata Biubwa alijifunika uso na mtandio.

"Sanda iko wapi? Hakuna. Jeneza? Hakuna. Mmesalia ukuta! Basi mimi mtani wenu nimeukataa msiba huu. Hakuna maiti, hakuna msiba. Rudisheni wali sufuriani!"

Kicheko cha pili kilikuja, lakini kilikuwa kidogo, na kiliisha upesi. Onesmo akaweka jembe chini, akakaa karibu na mwenzake, akashusha sauti.

"Mwinjuma. Nimetoka Tumbi sasa hivi. Nimemwandikisha Tito wangu." Tito ni mwanawe wa mwisho, dereva wa bodaboda Mkuza, rafiki wa Amiri, naye alipotea siku ileile. "Wanasikiliza wale watu. Kesho bado wapo. Nikamwandikishe na Amiri?"

"Amiri amekufa."

"Umemwona?"

Mwinjuma akainama kunyoosha kona ya mkeka.

"Yupo mama mmoja Mganda kwenye ujumbe ule," Onesmo aliendelea. "Kwao Masaka. Nikamwambia mimi nilishapita kwenu na bunduki. Akasema anajua, alikuwa mtoto. Mama yake alitupikia ndizi, akatuchezea ngoma, na tulipoondoka redio yao haikuonekana tena. Nikamwuliza, basi mngependa tusije? Akaniambia, mzee, swali hilo usimwulize mtu aliyekuwa amefungiwa ndani anasubiri mlango ufunguliwe."

Mwinjuma hakulitazama kabati. Alihisi redio ile mgongoni kwake, juu kule chini ya kitambaa, na watu wote wa msiba wakimwangalia. Akasimama.

"Toka kwangu."

"Nakutania, mwenzangu. Bado nakutania."

"Nimesema toka! Umekuja kunitukana msibani kwangu!"

Jambo hilo halijawahi kuonekana katika msiba wa Wazaramo. Kumfukuza mtani! Wazee waliangalia vidole vya miguu yao. Onesmo alichukua jembe lake, akawaaga wanawake kwa heshima, akaondoka. Na nyuma ya pazia, hatua mbili tu kutoka pale, Firdausi, ambaye Mwinjuma alifanya yote haya asifike Tumbi, alikuwa amesikia kila neno. Alisimama atoke. Biubwa na wanawake wawili wakamkalisha.

Siku ya kumi na tisa ya eda, saa nne asubuhi, Onesmo alirudi. Hakuwa na jembe wala kelele. Aliongozana na kijana aliyekonda, nywele zimenyolewa vibaya, na Mwinjuma alichukua muda kumtambua Tito.

"Nimekuja kwa sababu ya Firdausi," Onesmo alisema. "Si kwa sababu yako."

Tito alimwamkia mzee, akakaa ukingoni mwa benchi, mikono katikati ya magoti.

"Tulikuwa na Amiri, mzee. Tangu siku ile. Chumba kimoja."

"Amiri wangu?" mzee aliuliza.

"Alikuwa mzima. Aliumia bega, likapona. Siku moja tukasikia wageni wamefika na orodha, wako kule ofisini. Tukatolewa uani. Askari akawa anasoma majina, ukisomwa unakwenda upande wa geti. Amiri alivaa kandambili zake kabla hawajaanza kusoma. Alituambia, Firdausi hawezi kukosa kuniandikisha, namjua mimi. Wakasoma mpaka mwisho. Akanyoosha mkono, akasema mmeruka jina, mimi ni Amiri Mwinjuma wa Mkuza. Askari akaangalia karatasi nyingine, akacheka. Akasema Amiri Mwinjuma alishazikwa kwao Kisarawe, wewe ni nani?"

"Mimi nilimwandikisha ile Ijumaa," Onesmo alisema, macho chini. "Jioni wakanipigia. Wakasema jina limefutwa, baba yake mzazi ametia saini kwamba amekufa kwa homa."

"Naye alisemaje?" mzee aliuliza. "Amiri. Alisemaje?"

"Aliuliza nani kasema amekufa. Wakamwambia baba yako. Hakusema kitu, mzee. Alikaa chini, akavua kandambili. Sisi tukatoka. Waliobaki walihamishwa kesho yake, na mpaka leo hakuna anayejua ni wapi."

Pazia likafunguliwa. Firdausi alitoka akasimama mbele ya wanaume wale watatu, kichwa wazi.

"Alikuwa na shati lile la bluu?" alimwuliza Tito.

"La bluu, shemeji. Mkono mmoja umechanika."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeonyeshwa kitu chake mwenyewe. Akaingia ndani, akatoka amevaa gauni lake la kawaida, Raudha mkononi. Biubwa alinyoosha mkono kumzuia, kisha mwenyewe akaurudisha. Mbele ya mkwewe Firdausi alisimama. Hakumwamkia wala hakumuaga.

"Mtoto wangu ulimfundisha kumwombea baba yake kama marehemu," alisema. "Njiani nitamwambia ulikosea."

Akaenda zake.

Mwinjuma alivaa koti lenye medali akaenda kwa mtendaji. Alitembea haraka, goti linamwuma, na njia nzima alipanga maneno. Alipofika yote yakamtoka, akasema tu, "Mwanangu yuko hai. Nataka ile karatasi."

Mtendaji alimkaribisha kiti. "Karatasi haipo hapa, mzee wangu, ilishapanda juu. Na wageni wameshaondoka. Wametoa tamko, hukusikia? Wamepongeza ushirikiano."

"Basi andika nyingine. Andika kwamba nilikosea."

"Uliapa mbele ya shehe. Ukasaini, ukaweka na namba ya jeshi. Nani ataamini umekosea?" Alizungumza kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kofi. "Kumrudisha mtu aliyekwisha kuandikwa marehemu kunataka ushahidi. Mlete mwenyewe aje athibitishe."

Aliporudi nyumbani, Tito alikuwa amekwenda kumsindikiza Firdausi. Onesmo alikuwa bado kwenye benchi, anasubiri gari la saa nane. Mwinjuma akakaa upande wa pili. Walikaa hivyo mpaka kivuli cha ukuta kikawafikia miguuni.

"Onesmo."

"Naam."

"Nitanie."

Onesmo alimgeukia. Miaka arobaini na sita hakuwahi kukosa neno la kumtupia Mzaramo huyu, hata walipokuwa wakipigwa mabomu. Alimtazama usoni, akaitazama medali kifuani, akafungua kinywa. Kisha akachukua kofia yake, akasema anawahi gari.