Mikorosho Tisa Nyuma ya Nyumba ya Mama Twahiru

Yuliana hakuwa mtu wa kukosa usingizi. Mwanamke yule, asikwambie mtu, alilala msibani, alilala kanisani, na mwaka ule upepo ulipoezua bati la jiko lake aliamka asubuhi akauliza jua limeingiaje. Lakini tangu kaka yake Alfredi apite kutoka Tandahimba na maneno yake ya sheria, usingizi ulimhama.

Alfredi alikuja Jumapili kwa bodaboda, akala ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, sahani nzima, akafuta mdomo, ndipo akaanza. Wapimaji wa ardhi wameshamaliza kijiji cha jirani, Alhamisi wanaingia hapa. Kila shamba litawekwa mipaka na kila mtu atapewa hati ya kimila yenye jina lake. Ardhi siyo ile ya zamani ya kuombana kwa mdomo. Lami inakuja, watu wa Mtwara na Dar es Salaam wanaulizia mashamba huku kwetu Kitangari nzima, na mali bila daftari hupotea bila habari.

"Sasa wewe dada yangu," akasema, "ile mikorosho yako tisa nyuma ya nyumba ya jirani yako Mama Twahiru anaokota nani?"

"Mama Twahiru."

"Tangu lini?"

Yuliana akahesabu kwa vidole. Huu ulikuwa msimu wa kumi na mbili.

"Basi imekwenda hiyo!" Alfredi akajipiga paja. "Mtu akitumia ardhi miaka kumi na miwili hujamfukuza, ni yake. Nimesikia redioni kwa masikio yangu. Wale hawatauliza shamba la nani. Watauliza, nani anaokota hapa?"

Akapanda bodaboda yake akaenda zake. Watu wa namna hiyo wapo, wanakuwashia moto halafu wanawahi safari.

Na swali lile lilikuwa na meno. Korosho haichumwi mtini kama chungwa. Inangojwa ianguke yenyewe na bibo lake, lile tunda lake, ndipo iokotwe. Kwa hiyo kijiji kikimwona mtu ameinama chini ya mkorosho msimu hadi msimu, hakiulizi zaidi. Mwenyewe ni huyo.

Mikorosho hiyo tisa Yuliana aliipanda na marehemu mama yake. Iliyobaki ya shamba lake ilikuwa mizee, ugonjwa wa ubwiri unga umeimaliza, hata ukiipulizia dawa ya salfa inakutazama tu. Tisa ile ndiyo ilikuwa inazaa, na aliiweka kwa ajili ya binti yake Flora, aliyeolewa Lukuledi kwenye ndoa ambayo kila baada ya miezi miwili ilimrudisha nyumbani na begi. Shamba la mama huenda kwa binti, ndivyo alivyolipata yeye. Flora asipokuwa na mikorosho ile, atarudi wapi?

Na aliyempa Mama Twahiru ruhusa ni nani? Ni yeye Yuliana mwenyewe, kwa mdomo wake. Mume wa Mama Twahiru, Hamudi, alifariki korosho zikiwa ndiyo zinaanza kuanguka. Mama Twahiru, Stamili kwa jina lake, akaingia eda, miezi minne na siku kumi ya kukaa ndani. Shamba lake liko mbali huko bondeni, angeendaje? Korosho zikaoza bila mwenyewe. Yuliana akaenda kumpa pole, akaona mikorosho yake mwenyewe imeinamia paa la jirani yake, akasema, "Mwenzangu, hizi za hapa nyuma okota wewe. Hapa si kutoka, ni kama uani kwako." Eda ikaisha, msimu mwingine ukaja, Stamili akaendelea kuokota. Yuliana akaona aibu kusema basi. Na kweli, siku zile hakuona sababu ya kusema.

Jumatatu alikwenda kwa Stamili akiwa ameshajipanga la kusema. Alimkuta anachambua mchicha.

"Karibu, Mama Flora. Mbona macho mekundu hivyo, au umepata mchumba?"

"Mchumba wa nini na umri huu. Usingizi tu."

"Hata mimi silali, mwenzangu. Alhamisi wapimaji! Nasubiri kwa hamu, kila mtu ajue chake."

Kila mtu ajue chake! Kumbe mwenzake naye anahesabu miaka! Yuliana akameza maneno yake yote, akasifia mchicha, akaondoka. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini kusema kwenyewe kungekuwaje? Amwambie mjane, "Ile sadaka niliyokupa, naomba ushuhudie kuwa bado ni yangu"? Angeanzia wapi?

Jumatano ilikuwa zamu ya maji. Kitongoji chao hupata maji ya bomba siku moja kwa wiki, na siku hiyo wanawake wote huwa kwenye foleni, hata mgonjwa hutuma ndoo. Yuliana aliwaona wakipita na ndoo zao, Stamili akiwa mbele na kicheko chake. Ndipo wazo likamjia, wazo la kipumbavu, nalisema wazi. Akiokota leo, kesho akiulizwa nani anaokota, atajibu bila kusema uongo: mimi, jana tu niliokota.

Akachukua viroba viwili akaingia chini ya mikorosho yake mwenyewe akinyata. Hebu fikiria, mtu mzima, mwenye mali, anajificha nyuma ya shina kila kuku akilia! Vidole vikararuka kwa haraka, akinyofoa korosho na kutupa mabibo kichakani. Hakubakiza hata moja. Akaviburuta viroba mpaka jikoni kwake, akavifunika kwa majamvi, akakaa juu yake akihema.

Saa nane mchana kelele zikapigwa. "Mwizi! Jamani, mwizi!" Ilikuwa sauti ya Stamili.

Wizi wa korosho pale kijijini si jambo la kuchekea. Mtu anaweza kuuawa kwa kiroba. Kabla Yuliana hajapata pa kujificha, uani kwake palijaa watu, mwenyekiti Fakihi mbele, Stamili nyuma yake na ndoo ya maji kichwani.

"Hii ndoo nimekutekea wewe, sikukuona foleni nikajua unaumwa," Stamili akasema akiitua, machozi yanamtoka. "Mama Flora, wametumaliza. Mikorosho yako yote imeokotwa. Mwenyekiti, mwenye mali ndiye huyu. Mimi nimeachiwa tu niokote, miaka yote hii kanisitiri. Nilikuwa namngojea huyo mpimaji nimwambie kwa kinywa changu, iandikwe jina lake, nisije nikafa wanangu wakajisahau. Sasa nitamtazamaje?"

Yuliana alitamani ardhi ipasuke. Neno aliloliwania siku tatu ndilo hilo, limesemwa mbele ya mwenyekiti na kijiji kizima, naye hakuwa na uso wa kulipokea.

"Hakuna cha kuulizana," kijana mmoja akapaza sauti. "Twendeni kwa Dastani! Si ndiye aliyefungwa kwa korosho za watu?"

Watu wakageuka. Wengine walikuwa na fimbo, mmoja ana panga. Dastani alikuwa mgonjwa wa kifua, anakohoa tu nyumbani kwake huko.

"Msiende!" Yuliana akapiga ukelele. "Msiende kwa Dastani. Korosho ziko jikoni kwangu. Nimeokota mimi."

Fakihi akaingia jikoni, akafunua majamvi, akatoka akicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Makubwa! Mwenye mali kajiibia mali yake!" Uani pote watu wakaangua kicheko, fimbo zikashushwa, hata Yuliana akajaribu kucheka.

Stamili hakucheka.

"Kwa nini hukuniambia, Mama Flora?"

"Niliogopa. Alfredi kasema miaka kumi na miwili..."

"Uliniogopa mimi?"

Stamili akaimimina ile ndoo kwenye pipa la Yuliana taratibu, mpaka tone la mwisho, akaondoka.

Alhamisi mpimaji alikuja, kijana mpole mwenye kifaa mkononi na begi la fomu. Alipoelezwa hofu ya miaka kumi na miwili akatikisa kichwa: mtu uliyemkaribisha mwenyewe hakuhesabii miaka. Stamili ndiye aliyemwonyesha mpaka. Alitembea mbele, mtandio umefungwa vizuri, na kila penye kona alisimama akasubiri kigingi. Nyuma ya nyumba yake akavuka mstari, akaingia uani kwake hatua mbili.

"Piga hapa," akasema.

"Hapo ni kwako, Mama Twahiru!" Yuliana akasema.

"Chukua tu. Usije ukakosa usingizi tena."

Fakihi akakohoa, akakirudisha kigingi mahali pake. Stamili akapaka dole gumba wino, akalibandika kwenye fomu penye nafasi ya jirani, akajifutia kwenye jani. Mikorosho tisa ikawa ya Yuliana kwa maandishi.

"Mama Twahiru," Yuliana akasema, "uokote. Naomba uendelee kuokota kama siku zote."

"Niandikie," Stamili akajibu, kisha akageuka kurudi ndani.

Mpimaji, ambaye hakujua lolote, akafungua begi lake akapekua karatasi moja baada ya nyingine. "Samahani mama," akasema, "hiyo haina fomu." Lakini Stamili alikuwa ameshafunga mlango.