Televisheni Iliyojua Kalemie

Mume wangu Lucien aliondoka Bukavu mwezi wa tatu, siku mbili baada ya kusoma redioni majina ya vijana saba ambao wakubwa wapya wa mji waliwachukua nyumbani kwao na hawakurudi. Ilikuwa redio ndogo ya mtaani. Ilifungwa siku ile ile ya majina. Lucien alitupa kadi yake ya simu ziwani, akachukua begi moja, akaenda.

Mimi nikabaki na jibu moja la kuwapa watu: eko Shabunda, anatafuta dhahabu. Wanawake wengi hapa Nyalukemba wana jibu hilo hilo. Ni jibu zuri, kwa sababu huko barabara ni shida na mtandao ni shida, na mke akisema hajapata habari za mume wake tangu miezi minne, watu wanasema pole na kuendelea na safari yao.

Lucien alikuwa Kalemie. Tuliojua ni mimi na binti yetu Gloire, ambaye ana miaka kumi na minne na anajua kufunga mdomo. Namba mpya ya baba yake sikuitaka. Kila Jumapili baada ya misa alinipigia kwa simu ya mtu mwingine, dakika mbili tu, kisha akakata. Tulidhani tumefikiria kila kitu.

Televisheni hatukuifikiria.

Tuliinunua mwaka uliopita, ile ya kisasa inayoingia kwenye intaneti. Siku ya kuifungua ilitaka akaunti, Lucien akaweka yake, ile ya simu. Ikatuletea masharti, kurasa na kurasa, na chini kitufe kimoja cha kukubali. Tukabonyeza. Mimi, mwenye diploma ya ukatibu, ambaye katika ofisi yetu ya maji ndiye ninayesoma mikataba mpaka nukta ya mwisho kabla mkubwa hajatia sahihi, nilibonyeza bila kusoma neno moja kwa sababu watoto wa jirani walikuwa wameshakaa chini wanangoja katuni.

Mwaka mzima ilituuzia sabuni na mikopo. Nilinung'unika, nikazoea. Kisha Jumatatu ya wiki hii ikajibadilisha yenyewe. Ukiiwasha, kwanza tangazo, na sauti inapanda bila wewe kuipandisha. Kitufe cha kunyamazisha kinakataa mpaka tangazo liishe. Baadaye inakuja sura mpya: juu kushoto jina Lucien, na pembeni jua dogo na maandishi. Nilisogea karibu nisome. Kalemie, digrii 28.

Chini yake kulikuwa na tangazo la boti na tangazo la vyumba vya kupanga, "karibu na ulipo". Halafu: "Lucien, endelea pale ulipoishia", na video ya mpira iliyosimama katikati. Sisi hatukuiangalia. Yeye ndiye alikuwa anaiangalia, kule, asubuhi ile.

"Papa alitupa kadi," Gloire akasema polepole. "Lakini simu eko nayo. Konti ya tele na ya simu ni ile ile."

Nilichukua telekomande, kile kidhibiti cha mkononi.

Nilijaribu kulifuta jina lake. Mashine ikasema itatuma namba ya siri kwenye simu ya mwenye akaunti, na ikanionyesha tarakimu mbili za mwisho. Ilikuwa ile namba iliyo ziwani. Nikampigia Cyprien, aliyetuuzia.

"Maman, mulikubali masharti," akasema.

"Nilikubali kununua televisheni."

"Njo vile. Tele ni yenu, vya ndani ni vya bale benye kuitengeneza."

"Basi niondoe intaneti."

"Bila intaneti haifunguke, hata antena. Inataka kuhakikisha kwanza. Minakuambia ukweli, maman, hata yangu ku nyumba iko vile. Bibi yangu anaitukana kila siku."

Nikachomoa waya ukutani. Jumapili Lucien angepiga, ningemwambia aitupe simu, basi yangekwisha. Nilikuwa nahesabu siku kama mtu mwenye mgonjwa hospitalini. Jumamosi ilipofika nilisema, bado moja.

Jumamosi ni siku ya salongo, kila mtu anatoka na ufagio na jembe kusafisha barabara. Ilipokwisha, Murhula, mkubwa wa nyumba kumi zetu, akaja moja kwa moja kwangu akiwa na koleo mkononi. Nyuma yake alikuwapo mtu nisiyemjua. Shati safi, viatu safi. Salongo hakufanya.

"Maman Gloire, uko?"

"Unaniona, papa Murhula."

"Tumekuya kukusalimia. Huyu ni papa Isidore, eko natumika na bakubwa bapya. Ni mugeni wa avenue yetu. Nilimuambia, mpira ya saa nane, tele ya muzuri iko kwa maman Gloire."

Mgeni wa baada ya salongo huwezi kumwacha mlangoni. Murhula mwenyewe alikuwa ameangalia mpira kwangu mara ishirini.

"Tele imekufa," nikasema.

Murhula akacheka. "Imekufa lini? Jumatatu asubuhi ilikuwa inaimba ile wimbo ya sabuni, nyumba yote ilisikia. Maman, usitufiche tele. Hatutakunywa chai yako."

"Sina mega za intaneti."

"Mega ninazo," yule Isidore akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya adabu. "Tutatumia simu yangu, maman. Usijisumbue."

Aliingia, akakaa kwenye kiti cha Lucien. Hakuna aliyemwambia ni cha Lucien. Ndicho kinachotazama mlango na televisheni kwa pamoja.

Gloire alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni. Nilimwona amebana mikono kwapani. Nilirudisha waya ukutani, nikaomba Mungu umeme ukatike. Umeme wa Bukavu, ambao unakatika ukiweka wali jikoni, siku ile ulikaa.

Tangazo la magodoro. Sauti ikapanda. Isidore alikuwa ameshaunganisha simu yake. Nilisimama kati yake na kioo nikijifanya napanguza vumbi, nikijua kinachofuata: jina, jua dogo, Kalemie.

Haikuwa hivyo. Kioo kikafunikwa na ukurasa mweupe. "Lucien, masharti yetu yamebadilika. Ili kuendelea, kubali." Chini, vitufe viwili: kukubali na kusoma. Nyuma ya ukurasa ule niliona rangi za ile sura, zimefifia kama kitu kilicho nyuma ya pazia. Mbonyezo mmoja tu.

"Bonyeza, maman," Murhula akasema. "Banaanza."

"Siwezi kukubali kitu sijasoma."

"Maman, ni tele. Si ndoa."

"Ndoa niliisoma." Nikabonyeza kusoma.

Nilisoma kwa sauti, kama ninavyosoma ofisini, kwa Kifaransa, kisha natafsiri kwa Swahili ili mgeni asijisikie ameachwa. Kifungu cha kwanza, maana ya maneno. Kifungu cha pili, nani ni mtumiaji. Nilikwenda polepole. Nilirudia mistari. Nilifikiri: mpira umeanza, watachoka, watakwenda kwenye baa ya pale kona, wataniita mwanamke wa fujo, na kesho ni Jumapili.

Murhula alisimama, akakaa, akasimama. "Huyu maman alisoma sana," akamwambia mgeni. "Bwana yake alimukimbia mpaka Shabunda juu ya hivi vifungu."

Isidore hakucheka. Hakuangalia hata saa. Alikuwa anasikiliza.

Kifungu cha sita, matangazo. Kampuni inaweza kuonyesha matangazo wakati wowote na mtumiaji hana haki ya kuyazuia. Kifungu cha saba nilikianza kabla ya kukiona kwa macho yote. Ndivyo mtu anavyokosea akisoma kwa sauti: mdomo uko mstari mmoja, jicho liko mwingine.

"Tunakusanya mahali vilipo vifaa vyote vyenye akaunti hii," nilisoma, "simu, kompyuta na televisheni, na tunaweza kuwapa maelezo hayo wenye mamlaka wa mahali hapo wakiomba."

Nikaanza kuusogeza ukurasa.

"Soma tena hapo, maman," Isidore akasema.

"Ni maneno ya matangazo tu."

"Hapo tu. Simu na nini?"

Nilisoma tena. Sauti yangu niliisikia ikitoka kwa mtu mwingine. Murhula aliacha kutembea. Si mtu mbaya, Murhula. Nadhani alielewa wakati ule kwamba mgeni hakuja kwangu kwa ajili ya mpira, na kwamba yeye ndiye aliyemfungulia mlango. Akaanza kutazama koleo lake.

"Konti iko kwa jina ya nani?" Isidore akauliza.

Jina lilikuwa limeandikwa juu, kubwa kama mkono.

"Ya bwana yangu."

"Ule wa Shabunda."

"Ule."

"Na kule eko natumia simu?"

"Kule rezo ya simu hakuna, papa. Hata kama eko hai hatujui."

Alisimama, akaukaribia ukurasa, akaupiga picha kwa simu yake. Jina, na anwani ya akaunti chini yake. Akaipiga mara mbili ili isiwe na kivuli.

"Mimi hizi mashine sizijui," akasema. "Kuko kijana wetu mwenye kuzijua. Tutarudi naye saa kumi, atatubonyezea pale vizuri. Usiiguse, maman. Usiizime." Akaniangalia kwa mara ya kwanza usoni. "Aksanti kwa kusoma."

Murhula alitoka nyuma yake bila kuaga.

Ilikuwa saa nane na dakika arobaini. Gloire alikuja akanishika nguo mgongoni kama alivyofanya akiwa na miaka mitatu. Sikuwa na namba ya Lucien. Kwa nguvu zangu zote nilikuwa nimehakikisha sina. Kumtuma mtu Kalemie, siku mbili, tatu. Kuipiga televisheni nyundo hakusaidii kitu, anwani wanayo kwenye simu.

"Maman," Gloire akasema, "jina kubadilisha haiombi namba ya siri. Ni kufuta tu njo inaomba."

"Jina gani?"

"Ile ya juu. Ukiibadilisha hapa, kwa simu yake nayo inabadilika. Akifungua ataona."

Lakini kufika kwenye jina lazima upite kwenye ukurasa mweupe. Simu ya Isidore ilikuwa imeondoka na intaneti yake, kwa hiyo Gloire aliwasha kimodemu changu cha ofisini. Mimi nikachukua telekomande, na kifungu cha saba nikakikubali kwa kidole changu mwenyewe.

Tangazo. Mwanamke anamimina mafuta kwenye kikaango, anacheka. Pembeni namba inashuka: thelathini, ishirini na tisa. Sauti ilijaa nyumba nzima, ikatoka dirishani mpaka barabarani, na hakuna kitufe kilichonitii. Nilirusha kitenge juu ya kipaza sauti, haikusaidia. Nilimtuma Gloire dirishani aangalie lango.

Sura ikafunguka. Kalemie, digrii 28. "Endelea pale ulipoishia." Chini ya video ya mpira mstari mwekundu ulikuwa unasogea. Alikuwa anaangalia sasa hivi, huyu mjinga wangu, mpira ule ule wa saa nane.

Niliandika kwa telekomande, herufi moja moja, mshale kulia, mshale chini. TUPA SIMU. Nikabonyeza. Jina Lucien likaondoka, maneno yangu yakakaa mahali pake. Na kwa sababu nilibadilisha kitu, mashine ikanilipa tangazo jingine. Bima ya maisha. Thelathini, ishirini na tisa.

Liliposhuka mpaka sifuri, jina lilikuwa limebadilika tena. Si mimi niliyelibadilisha.

NANI?

Nilikaa sakafuni. Alikuwa pale, upande wa pili wa kioo, na haniamini, na alikuwa na haki. Mtu yeyote angeweza kuandika yale. Nilitafuta neno moja ambalo ni sisi tu, na kichwa kilikuwa kitupu kama sufuria. Miaka kumi na saba ya ndoa, na ninaloliona ni kikaango tu.

"Maman, kuko pikipiki inasimama," Gloire akasema dirishani.

"Kwetu?"

"Kwa papa Murhula."

Niliandika jina la mtoto wetu wa kwanza, yule aliyeishi siku nne. Tulimwita Mapendo. Halimo kwenye karatasi yoyote, tangu tumzike hatujalitamka mbele ya watu, hata Gloire halijui. MAPENDO. TUPA.

Tangazo la soda. Vijana wanacheza ngoma ufukweni. Nilihesabu pamoja na mashine, kwa mdomo, kama sala.

Sifuri.

Neno langu lilikuwa pale pale. Hakuna jibu. Mstari mwekundu ulikuwa umesimama. Nikatazama jua dogo, na jua halikuwapo. Palipoandikwa Kalemie palikuwa na kistari tu. Labda alikuwa ameizima. Labda aliivunja kwa jiwe. Labda mtu mwingine alikuwa ameishika. Kioo hakikuniambia, na hakuna kifungu kinachokilazimisha kuniambia.

Badala yake kikauliza: "Hatujui uko wapi. Turuhusu kukutafuta?" Vitufe viwili. Ruhusu. Ruhusu baadaye.

Nikachomoa waya ukutani.

"Papa ameona?" Gloire akauliza.

Nilimwambia avae viatu, tuondoke kabla hawajarudi.