Ripoti ya Maneno Mawili

Mimi ni muuza vifaa vya ujenzi. Nauza misumari, bati, saruji, rangi, na maneno mengi, ingawa mke wangu husema hayo ya mwisho nayatoa bure. Miaka mitatu iliyopita chama chetu cha wafanyabiashara kilinichagua niingie kwenye kamati ya mfuko wa usalama wa mitaa yetu. Wachangiaji walikuwa watano: sisi, halmashauri, nyumba za ibada, kiwanda cha sabuni, na shirika moja kubwa la misaada lililotoa karibu nusu ya yote. Mfuko ulianzishwa baada ya ule mwaka mbaya, vijana wa mtaa wa juu na wa mtaa wa bondeni walipokuwa wakiwindana kwa visu, nami nikawa nafunga duka saa kumi jioni kama mtu aliyefiwa. Tuliona heri tuweke pesa chungu kimoja, tuvipe ruzuku vikundi vya watu wa mitaani wenyewe, wale wanaojua ugomvi unapoanzia.

Msimamizi wa ruzuku alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, mfupi, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Zamani alikuwa muuguzi wa wodi ya majeruhi. Tulimpachika jina la Kiambatisho, kwa sababu hukuweza kumpelekea karatasi akakosa kuuliza, "Na kiambatisho kiko wapi?" Tulidhani hajui. Siku moja akanipigia simu: "Shikamoo mzee wangu, Kiambatisho anaongea hapa." Karibu nimeze ulimi.

Nikiri mapema, sikuwa nampenda. Nilimwona mtu wa makaratasi, na mimi makaratasi nimeyakimbia tangu shule.

Basi siku ile ya Jumatatu tulikaa kupitia ripoti za nusu mwaka. Vikundi vilikuwa kumi na kimoja. Vingine vilileta vitabu, picha za rangi, majedwali, orodha za mahudhurio. Kisha akafungua bahasha ya kikundi cha vinyozi tisa, watano wa juu na wanne wa bondeni, waliopewa ruzuku ili wasuluhishe ugomvi wa vijana wanaokuja kunyoa. Kiongozi wao alikuwa anaitwa Wembe. Ndani mlikuwa na fomu yetu ya kurasa tisa. Kurasa zote zilikuwa nyeupe, isipokuwa katikati ya ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wa kukandamiza: *Hakuna kilichotokea.* Chini yake sahihi.

Mwakilishi wa shirika kubwa akafungua kifuniko cha kalamu yake. "Kanuni iko wazi. Hakuna ripoti, hakuna awamu ya pili."

Nami, mdomo wangu haujawahi kuchelewa safari, nikadakia: "Huyo ametula. Hakuna kilichotokea? Basi tumemlipia nini?"

Kiambatisho aliichukua ile karatasi. Akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

"Nipeni hadi Ijumaa," alisema. "Na wewe mzee wangu, Jumatano tutakwenda wote."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Umesema ametula. Twende ukaone alivyoshiba."

Kamati ilicheka, na kukataa sikuweza tena.

Kibanda cha Wembe kilikuwa chumba kimoja kati ya mitaa hiyo miwili, ng'ambo ya daraja dogo. Viti viwili vya kunyolea, kioo kilichopasuka pembeni, redio iliyonyamazishwa, benchi la kusubiria. Wembe mwenyewe hakufanana na jina lake: alikuwa mtu wa mwili, mpole, wa makamo, anayeongea kama mtu anayechelea kumwamsha mtoto.

Nilingoja Kiambatisho atoe fomu. Hakutoa. Alikaa kwenye benchi akauliza, "Kaka, mgongo unaendeleaje?"

"Bado uko nyuma yangu, dada."

"Nashukuru haujakupita." Kisha akasema, "Ripoti yako nimeisoma mara kumi. Sijaielewa. Ndiyo maana nimekuja."

Wembe alifuta kiti kisichokuwa na vumbi. "Fomu yenu inataka majina ya waliogombana. Umri wao, wanapoishi, na sababu. Sasa dada, mtu akikaa hapa ameniachia shingo, na mimi nimeshika wembe. Ananiambia jambo ambalo hajamwambia mama yake mzazi. Nikiliandika, ile karatasi inakwenda wapi?"

"Inakuja ofisini kwangu."

"Na kutoka hapo?"

"Kwa wafadhili. Nakala tano."

"Nakala tano," Wembe alirudia taratibu. "Siku jina moja likivuja, hakuna kijana atakayekaa tena kwenye kiti hiki. Nitabaki na mzee huyu peke yake, naye hana nywele."

Nilijikuta nimeshika upara wangu.

Nilijua kitakachofuata. Mwenye muhuri huwa hakosei. Atamweleza yule kinyozi kanuni, umuhimu wa kumbukumbu, uwazi, uwajibikaji na ndugu zake wote. Lakini Kiambatisho alivua miwani ikaning'inia kifuani.

"Ile fomu niliitunga mimi," alisema. "Siku nne nzima. Nikajiona nimefanya kazi ya maana. Wewe uliona hatari ambayo mimi sikuiona, ukanifichia aibu kwa maneno mawili. Kosa ni langu, kaka. Naomba unisamehe."

Nimefanya biashara miaka thelathini. Nimewaona wanaoomba pesa wakiwapigia magoti wanaozitoa. Kinyume chake sijawahi kukiona, na sikujua niangalie wapi.

Hatujakaa sawa, mlango ukasukumwa. Aliingia kijana wa miaka ishirini na mitano hivi, fundi pikipiki, mikono imejaa grisi, anahema. Hakusalimu. Alimwambia Wembe kwamba mdogo wake amepigwa jana bondeni, anamjua aliyempiga, na alikuwa amepita tu kuaga, maana leo ndiyo leo.

"Kaa," alisema Wembe.

"Sina muda wa kukaa."

"Unakwenda na nywele hizo? Hata polisi wakikupiga picha utaaibisha ukoo."

Sijui ni mazoea au ni ile sauti, lakini kijana alikaa. Wembe akamfunga kitambaa, akawasha mashine, akaipitisha kutoka paji la uso hadi kisogoni, tena na tena, upande wa kulia ukawa mweupe kama yai. Hapo akaizima.

"Imepata moto," alisema. "Tuiache ipoe."

Kijana alijitazama kwenye kioo. Nusu ya kichwa msitu, nusu uwanja wa mpira. "Malizia, bwana!"

"Ikiungua nitakunyoa na meno?" Wembe alitoka nje na simu sikioni. Nilimsikia akimwita kinyozi mwenzake wa bondeni, akimwambia amtafute mjomba wa fulani, haraka.

Kijana alisimama, akafika mlangoni, akaona watu barabarani, akarudi kukaa. Hakuna mwanamume anayekwenda vitani akiwa vile. Mimi nilitaka kucheka nikaogopa.

Ndipo Kiambatisho akasogea mwisho wa benchi. "Mdogo wako ameumia wapi?"

"Mkono. Na hapa juu ya sikio."

"Alitapika baada ya kupigwa?"

"Hapana... Sijui. Mimi niliondoka."

"Anaongea vizuri? Anakutambua?"

"Ananitambua."

"Nani yuko naye sasa hivi?"

"Mama."

"Mama yuko na mtoto mmoja mwenye bandeji," alisema Kiambatisho. "Nimefanya kazi wodi ya majeruhi miaka kumi na miwili, baba. Kina mama wa namna hiyo nawajua kwa mwendo wao tu. Unataka jioni awe na wawili?"

Kijana aliinamisha kile kichwa chake cha nusu kwa nusu, mabega yakaanza kutikisika. Kiambatisho hakumgusa wala hakumwambia anyamaze. Alichukua taulo iliyotundikwa ukutani, akaiweka kwenye goti la yule kijana, akageuka kuangalia barabara mpaka aliposikia amepenga kamasi. Kisha akamweleza dalili za kuangalia kwa mtu aliyepigwa kichwani, moja moja, na kumwambia ahakikishe daktari anamwona leo hiihii.

Ilipita saa moja na zaidi. Kinyozi wa bondeni akafika na mzee mmoja aliyevaa koti, mjomba wa yule aliyepiga. Waliongea nje kwenye kivuli cha ukuta, sauti zikapanda, zikashuka. Mwishowe walikubaliana gharama za matibabu zitoke bondeni, na Jumapili mkosaji aende na mjomba wake kuomba radhi mbele ya mama. Kijana alirudi kitini. Wembe akawasha mashine, ikanguruma vizuri sana kwa kitu kilichokuwa kinaungua.

Alipoondoka, nilimuuliza Wembe, "Hii mashine hupata moto mara ngapi?"

"Mwezi huu? Mara sita."

Kiambatisho alifungua daftari lake dogo akaandika neno moja tu: *sita*. Nikaanza kuelewa kwamba kwenye ile ripoti palikuwa na kila kitu. Aliyekosa ni msomaji.

Ijumaa alikuja kwenye kamati na karatasi ya ukurasa mmoja. Mara ngapi? Mlitumia njia gani? Nini kimewashinda? Mnahitaji nini? Jina la mtu halikuulizwa popote. Kabla ya kuigawa alisimama akasema fomu ya zamani ilikuwa kosa lake, kwamba usiku na mchana amefikiria majina ya vijana yaliyoletwa na vikundi vingine, yaliyomo kwenye kabati lake, na anaomba ruhusa ayarudishe kwa vikundi vyote na nakala zichanwe.

"Bila majina tutajuaje kama hizi si hadithi?" aliuliza mwakilishi wa shirika.

"Mtakuja kuona. Kila mfadhili, mara moja kila miezi mitatu, atakwenda na mimi kukaa kwenye benchi."

"Kanuni zetu haziruhusu. Majina ni lazima."

"Basi nitaumia sana, mheshimiwa, maana nusu ya mfuko ni yenu. Lakini majina hayatatoka."

Nilikuwa nimekaa karibu naye. Nikajikohoza, nikaomba nafasi, nikasimulia habari ya kichwa cha nusu kwa nusu. Yule wa kiwanda cha sabuni alicheka mpaka akalia, kisha akaacha kucheka akanyoosha mkono. Kura zilikuwa nne kwa moja.

Shirika likazuia mchango wake. Sitaki kudanganya kwamba haki ilishinda siku ileile. Tulikaa miezi mitano tukiwa na nusu tu ya pesa. Kiambatisho hakutuma barua. Alivifuata vikundi vyote kumi na kimoja kwa miguu yake, akawaambia mwenyewe kitakachopungua na kwa nini. Aliacha ofisi ya kupanga, akahamia chumba cha nyuma ya ghala la kiwanda, joto kama tanuri, na akawa ananukia sabuni kila alikopita. Hata hivyo kikundi kimoja, cha wanawake waliokuwa wakisindikizana kutoka zamu ya jioni, kilivunjika na hakikurudi. Hilo lilimkaa rohoni. Nilipojaribu kumfariji kwamba si kosa lake, alinijibu, "Mzee wangu, wale bado wanatembea barabara ileile."

Katika mwezi wa sita tangu kura ile, shirika lilileta mtu mwingine, dada mmoja asiye na maneno mengi. Alikaa kwenye benchi la Wembe siku mbili. Sijui aliona nini, lakini mchango ulirudi, pungufu kidogo kuliko zamani, bila sharti la majina. Na mimi duka langu nafunga saa moja na nusu, tena kwa sababu ya uchovu tu.

Siku hizi nakwenda na Kiambatisho kila anaponiita. Mke wangu hunitania kwamba nimepata ajira uzeeni, tena ya kujitolea.

Jumamosi iliyopita aliingia dukani na binti yake kununua rangi ya chumba. Walibishana kati ya kijani na maziwa, binti akashinda. Nilikuwa nimejipanga muda mrefu kumwambia kitu: kwamba nimewajua watu wengi wenye madaraka na wachache wanaojua kuyashika, na kwamba kama ningekuwa na binti ningependa afanane naye. Nilifungua mdomo, mimi ambaye maneno nayatoa bure.

"Bei ya brashi imeshuka," nilisema.

"Asante mzee wangu," alijibu, akaniangalia juu ya miwani, akatabasamu. "Basi tupe mbili."