Kuipa Bahari Kisogo

Themelina hakuwa akimpenda mbwa yule. Alikuwa akimwogopea tu, na hofu hiyo ilimkosesha usingizi. Mavros alikuwa mbwa wa kaka yake, Sakellaris, ambaye mwanzoni mwa kiangazi alipatwa na kiharusi, akapelekwa katika nyumba ya kutunzia wazee. Tangu alazwe huko hakuinuka kitandani kwa ajili ya daktari, wala padri, wala dada yake wa tumbo moja. Aliinuka Jumamosi tu, mbwa alipoletwa. Muuguzi alikwisha kumwambia Themelina bila kumumunya maneno, "Mama, huyo mnyama ndiye anayemshikilia duniani. Mtunze."

Jumamosi moja, kabla ya kwenda kwa kaka, alimpeleka Mavros ufuoni, upande ule wa kaskazini mwa mji wa Darwin ambako mbwa huruhusiwa kufunguliwa kamba. Njiani kuna kibao cha manjano chenye picha ya mamba aliyeachama, na watu wa mji ule hukipita bila kugeuza shingo. Themelina alikisoma kila alipokuja, kana kwamba huenda kimeongezwa neno. Alikuwa na masharti yake: mbwa asikaribie mdomo wa kijito, na maji yasimpite vifundo vya miguu.

Warren alikuwa amekwisha kufika na kijibwa chake kinene kilichofungwa skafu. Alikuwa fundi wa viyoyozi, mzaliwa wa mji ule, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe.

"Mama Themelina!" alipaaza sauti. "Umemleta mtawa wako? Mfungue bwana, hapa si kanisani!"

"Namfungua. Ila asiingie majini."

"Asiingie majini! Sasa umemleta ufuoni asome gazeti?"

"Cheka tu. Huyu si wangu."

"Mama, mimi nimezaliwa hapa. Miaka yote hii sijaona mamba ufuo huu, hata mkia."

"Yeye je, amekuona wewe?"

Warren akacheka hadi akajishika kiuno. Kisha akachota mpira wa tenisi kwa kijiti chake cha plastiki cha kurushia mipira na, kabla Themelina hajafumbua kinywa, akauvurumisha mbali juu ya maji. Mavros aliruka kama mshale. Maji yalimfika magotini, yakamfika kifuani, halafu kikabaki kichwa cheusi kikielea juu ya bahari yenye rangi ya chai ya maziwa.

"Umefanya nini, Warren?"

"Aogelee kidogo. Mbwa gani hana…"

Hakumaliza. Themelina alikuwa ameinua mkono kuelekeza kwenye mdomo wa kijito. Palikuwa na gogo pale, refu, limelala juu ya maji kwa utulivu. Maji yalikuwa yakijaa, yakiingia kijitoni, na kila kilichoelea, majani na mapovu na mpira wenyewe, kilivutwa upande huo. Gogo lile peke yake lilikuwa likitoka. Lilikwenda kinyume cha maji, taratibu, pasipo kuacha mkunjo nyuma yake. Kisha likazama, na bahari ikawa laini kana kwamba hapakuwa na kitu.

"Mavros!" Warren alipiga ukelele, akirukaruka na kupunga mikono yote miwili. "Rudi! Rudi we mbwa!"

Mbwa akageuza kichwa, akamwona mtu mzima anavyocheza, akafurahi, akaendelea kuufuata mpira. Sakellaris ndiye aliyemfunza hivyo: ukitumwa, usirudi mikono mitupu.

Warren akaanza kuvua viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Nimeutupa mimi, mama."

"Ukiingia, mamba atapata wawili. Simama hapo. Na ufunge mdomo!"

Themelina alijua jambo moja tu juu ya mbwa yule, nalo ni kwamba hakustahimili kuachwa. Kila alipochukua funguo za gari, Mavros aliacha mfupa, aliacha paka wa jirani, akaja mbio. Lakini hakudanganyika. Ukijifanya unaondoka huku unamtazama kwa pembe ya jicho, alijua unamngoja, naye hakuona sababu ya kuharakisha. Ilimpasa kuondoka kweli. Ilimpasa kuipa bahari kisogo na kukimbia bila kuangalia nyuma, na litakalotokea litokee bila yeye kuliona.

Alipiga ishara ya msalaba, akageuka.

"Haya, Mavros!" aliimba. Sauti aliilazimisha iwe ya sherehe, maana mbwa husikia hofu na husimama kuichunguza. "Mimi huyoo! Nakwenda kwa Sakellaris! Nakwenda zangu!"

Akakimbia. Magoti yalimchoma, mchanga ukamnyonya nyayo. Aliimba na machozi yakimtiririka, na kila kiungo mwilini kilimsihi ageuke. Nyuma yake Warren, mtu ambaye hakunyamaza hata mazishini, alikuwa kimya. Kimya hicho kilimtisha kuliko gogo. Halafu maji yakapasuka kwa kishindo, mara moja tu.

"Mungu wangu," alisema Warren, kwa sauti ndogo.

Themelina hakugeuka. Aliendelea kuimba lakini maneno yalikuwa yamekwisha, akabaki na mlio tu. Ndipo kitu cha baridi, kilicholowa, kikampangusa mguuni, na Mavros akampita mbio, ulimi nje, mdomo mtupu.

Alimwangukia. Akamkumbatia mzima, tope na chumvi, akipapasa shingo kutafuta pete ya kufungia kamba. Vidole vilikosa mara kadhaa.

Warren alikuja akijikokota, uso umepauka, kijibwa chake amekikumbatia kifuani.

"Pale pale penye mpira," alisema. "Alikuwa ameshageuka, mama, amekuja kama nusu ya njia hivi, ndipo likaibuka pale pale…"

"Usinisimulie."

"Ulijuaje kwamba atakufuata?"

"Sikujua."

Walitazama baharini pamoja. Ilikuwa shwari, inang'aa kwa jua, nzuri ya kumwalika mtoto.

Adhuhuri Sakellaris aliinuliwa, akaketishwa kitini. Aliinamisha uso katika manyoya ya mbwa, akanusa chumvi, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Mavros alitaka kumpandia mapajani, lakini kamba ilikuwa fupi mno.

"Mwachie, mama," alisema muuguzi. "Humu ndani hapana pa kukimbilia."

"Nataka kumwachia," alijibu Themelina.

Muuguzi akapiga magoti, akaanza kumkunjua vidole vilivyoing'ang'ania kamba, kimoja kimoja.