Grafu ya Mwalimu Wabwile na Ng'ombe wa Mama Mkwe

Mwalimu Wabwile alifundisha hesabu Kitale kwa miaka kumi na tisa, lakini kosa lake kubwa hakulifanya ubaoni. Alilifanya sebuleni mwake, mwaka wa elfu mbili na nane, alipobandua kalenda ya kanisa ukutani na kubandika karatasi ya grafu ya bei za hisa.

Nadharia yake aliitoa shambani. Mahindi hushuka bei Novemba watu wakivuna, hupanda Juni ghala zikiwa tupu. Basi hisa nazo zifanye nini tofauti? Si zinanunuliwa na watu hao hao wanaokula ugali? Miaka ya nyuma alibahatisha mara mbili, akapatia. Mtu mwenye akili angemshukuru Mungu na kunyamaza. Wabwile alinunua rula ndefu zaidi.

Sifa zikamfikia mama mkwe wake, Mama Nabwile wa Kamukuywa. Kwa desturi yao ya Kibukusu, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala kushikana mikono. Kwa hiyo Novemba ile, alipokwenda kumsalimu pamoja na mkewe Nekesa, Wabwile alikaa nje kando ya ukuta wa jikoni, na mama akazungumza kutoka ndani.

"Mkwe, nasikia iko kampuni hisa zake ni shilingi kumi kumi. Itapanda?"

"Itapanda, mama. Kufika Juni itakuwa ishirini."

"Uko na uhakika?"

"Mama, hii ni hesabu."

Alisema kwa kujiamini ajabu, maana ukuta haukunji uso. Angemwona mama wa watu akipiga hesabu zake moyoni, pengine angekohoa kidogo. Hakujua kwamba anachowaza mama ni ng'ombe wake mmoja wa maziwa, uzao wa wale ambao Wabwile mwenyewe aliwaleta kama mahari.

Juni ikafika. Ghala zikawa tupu, mahindi yakapanda bei kama kawaida yake. Hisa zikashuka hadi shilingi nne. Wabwile akatayarisha maelezo: mabenki ya Ulaya, mafuta, mvua. Akakunja grafu, akaenda na Nekesa Kamukuywa kumfafanulia mama.

Akakaa pale pale. Nekesa akamletea chai kutoka ndani. Ilikuwa strungi.

Katika boma lile hakuwahi kupewa chai isiyo na maziwa. Akageuka kutazama zizi. Kamba ilining'inia kwenye nguzo, haikufunga kitu. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto.

"Mkwe," sauti ikatoka ndani, haina hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Sasa itapanda, ama bado itashuka?"

Jibu alikuwa nalo. Alikuwa nayo manne, kila moja na rangi yake kwenye grafu. Akaitazama ile chai.

"Mama, sijui. Hata siku ile sikujua."

"Si ungesema tu hivyo, mkwe. Ningebaki na ng'ombe yangu."

Wiki hiyo Wabwile aliuza hisa zake zote kwa shilingi nne, akaongeza mshahara wa mwezi, akanunua ng'ombe wa maziwa kwa Ngari, mkulima wa Kachibora. Siku mbili baadaye hisa zikapanda hadi sita. Alicheka peke yake katika chumba cha walimu mpaka naibu wa mkuu akamuuliza kama amelala vizuri.

Jumamosi alipita sokoni Kamukuywa, kamba mkononi, ng'ombe akimburuta, Nekesa nyuma na fimbo. Phelista, jirani ya mama, aliacha kupima maharagwe.

"Ati ng'ombe tena, Mwalimu? Umeongeza bibi mwingine hapo kwa Mama Nabwile?"

Wabwile akafungua mdomo, lakini mkewe alimtangulia.

"Ni mimi tu, Phelista! Ni vile bei yangu imepanda."